Alinyanyua Suzuki hadi mke akashindwa kupanda, kilichofuata ni somo kwa wenye magari

Asubuhi ya kwanza baada ya gari kutoka gereji, mke alitoka ndani ameshika kigoda cha jikoni. Hakukileta ili akae. Alikiweka chini mbele ya mlango wa Suzuki, akakusanya dera lake mkono mmoja, akakanyaga kigoda, ndipo akaingia. Watoto wa jirani wakacheka. Mume naye akacheka, tena kwa furaha, maana kwake kile kigoda kilikuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika.

"Sasa hili ndo gari," akasema.

"Haya," mke akajibu. "Na kigoda nani anakipandisha?"

Jamaa anaishi Lushoto, kule milimani Tanga. Suzuki yake ni Jimny, ile ndogo ya milango miwili yenye injini ya sisi 1300. Kwa wasioijua, ni gari dogo lakini si la mchezo. Chini lina fremu ya chuma, ekseli nzima mbele na nyuma kama lori, springi za duara, na fowili yenye gia nzito ya kupandia milima. Linaingia njia ambazo magari makubwa yanaogopa, kwa sababu ni jepesi na jembamba.

Na gari hilo halikuwa pambo. Mke anafanya biashara ya karoti na kabichi. Ananunua kwa wakulima mashamba ya ndani, Suzuki inatoa mzigo hadi Lukozi, pale Fuso inapakia kwenda Dar es Salaam. Fuso haimsubiri mtu. Ukichelewa imeondoka, na karoti iliyooshwa haijui kusubiri.

Pamoja na hayo, walikuwa wanajenga. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, wameweka akiba ya milioni 3 kwa ajili ya mbao na bati. Hela ilikaa kwenye simu ya mume.

Basi bwana, jamaa akaanza kuangalia video. Kila usiku kitandani, simu usoni. Aliyapenda sana mashindano ya Rhino Charge ya kule Kenya, yale yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Magari yanapanda miamba, yanatambaa kwenye makorongo, tairi moja hewani. Kitu ambacho hakukitilia maanani ni kwamba kule hashindi mwenye mbio wala mwenye gari refu. Anashinda aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na gari lake bado linatembea.

Akamwambia mke anataka kubadilisha matairi. "Haya ya sasa yameisha, masika inakuja, tutakwama." Hilo lilikuwa kweli. Akataja milioni moja na nusu, na akaahidi kuirudisha kwa safari za watalii wa wikiendi. Mke akakubali.

Ambacho hakusema ni kwamba aliagiza pia seti ya springi ndefu na shokapu zake, milioni moja na laki mbili nyingine. Kwenye akiba ya bati ikabaki laki tatu.

Gari likapanda. Matairi ya awali yalikuwa 205/70 rimu 15, ambayo yana kimo cha sentimita 67 hivi. Akafunga 235/75, kimo kinakaribia sentimita 73 na nusu. Springi mpya zikaongeza sentimita 5. Kwa macho, gari limeota miguu. Picha aliyopiga kule Magamba na ukungu nyuma yake ilipata likes mpaka za watu asiowajua.

Lakini hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Springi zinanyanyua bodi, hazinyanyui ekseli. Lile tumbo la difu, ambalo ndilo linakwaruza mawe, linapanda kwa nusu ya kilichoongezeka kwenye tairi tu. Kwa hiyo bodi ilipanda sentimita 8, lakini difu ilipanda 3. Mawe ya Lukozi yaliendelea kuiona difu ile ile.

Mabadiliko mengine yakaanza kujitokeza. Usukani ambao zamani ulikuwa unarudi wenyewe baada ya kona, sasa ukawa mzembe, lazima uurudishe kwa mkono. Ukifika spidi 70 kwenye lami ya kushuka Mombo, usukani unatetemeka kama mtu ana homa. Ukikanyaga shimo moja dogo, mtetemeko hauishi mpaka upunguze mwendo. Mlima aliozoea kupanda na gia ya pili, sasa anaukoga kwa ya kwanza. Hata spidomita ikawa inadanganya. Ikisema 80, gari liko kwenye 88, kwa sababu tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kila linapozunguka, na gari halijaambiwa.

Mke ndiye aliyesema kwanza. "Baba, hili gari linacheza."

"Linazoea springi mpya."

"Gari linazoeaje?"

Hakujibiwa.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya Aprili. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikaacha. Walikuwa na magunia matatu ya karoti nyuma, siti zimelazwa. Fuso inaondoka Lukozi saa nane mchana. Kwenye kilima kimoja kirefu cha udongo mwekundu, mume akakipanda hivyo hivyo kwa tairi za nyuma, bila kuingiza fowili. Matairi mapya, gari refu, fowili ya nini?

Katikati ya kilima tairi la nyuma kulia likateleza kwenye mfereji. Likazunguka bure, tope linaruka mpaka kwenye migomba. Badala ya kuachia mafuta, akaongeza. Tairi likachimba, likachimba, ghafla likakutana na jiwe kavu.

Paa!

Sauti kama bunduki ya kienyeji. Injini ikanguruma peke yake, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Mke akashika dashibodi kwa mikono miwili. Mume akakanyaga breki, akavuta hendibreki, gari likateleza kama mita mbili, likatulia. Nyuma yao kulikuwa na kona, na baada ya kona hakuna ukingo.

Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kilichokatika ni hafushafti ya nyuma kulia. Ndiyo ule mhimili wa chuma unaotoka kwenye difu kwenda kuzungusha tairi. Na difu ya kawaida ina tabia yake. Mhimili wa upande mmoja ukikatika, nguvu yote inakimbilia pale palipolegea, na upande mzima haupati kitu. Ndiyo maana injini inanguruma na gari halisogei.

Akaingiza fowili, tairi za mbele zikaanza kuvuta. Zikavuta, zikateleza, zikashindwa na mzigo. Magunia yakashushwa. Vijana wawili wa jirani na shamba wakaja kusukuma, na bodaboda wawili wakabeba karoti. Fuso ilikuwa imeondoka dakika ishirini kabla. Karoti zikauzwa jioni ile pale Lukozi kwa bei ya kumshukuru mnunuzi. Suzuki ikarudi Lushoto kwa kuburutwa na ekseli ya mbele, na kila kona ya kulia inagonga ka-ka-ka.

Kesho yake wakaenda kwa fundi mzee, yule wa zamani, ambaye jamaa alimkwepa wakati wa kufunga springi kwa sababu "hana mambo ya kisasa". Mke alikwenda pia. Alitaka kujua gari litalala siku ngapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndo hili lililoota miguu?"

Fundi akafungua tairi, akatoa ngoma ya breki, akavuta hafushafti. Kipande cha nje kikatoka, cha ndani akakifuata kwenye difu. Akavifuta kwa kitambaa, akavilaza juu ya meza. Meno ya upande wa ndani, yale yanayoshikana na difu, hayakuwa yamenyooka tena. Yalikuwa yamejisokota kama kamba ya katani.

"Mnaona? Hii haikukatika jana. Jana imemaliza tu. Ilianza kusokotwa siku ile mlipofunga matairi."

Akaeleza taratibu, kama anamweleza mwanawe. Tairi ni sawa na spana ndefu. Spana ikiwa ndefu, nati inaumia zaidi. Tairi la Suzuki lilipoongezeka kimo kwa karibu asilimia 10, na mhimili ukaanza kubeba zaidi kwa kiasi hicho hicho kila gari linapopanda. Na tairi lenyewe ni zito. Likizunguka bure kwa kasi halafu likashika ghafla, uzito wote ule unasimama kwa mpigo, na kinachopigwa ni hafushafti. Ungekuwa kwenye fowili, kazi ingegawanywa mbele na nyuma, na pengine tairi lisingezunguka bure kabisa.

"Watengenezaji hawakukosea," fundi akasema. "Waliipima kwa matairi waliyoifunga wao. Nyie mkabadilisha mzigo, mhimili mkauacha ule ule."

Kisha akaonyesha mahali ulipokatika. Ni ndani, karibu na difu, kwa hiyo tairi lilibaki limeshikwa na beringi yake na breki zikafanya kazi. "Kwenye gari hili tairi linafungwa kwenye hafushafti yenyewe. Ingekatikia huku nje, kwenye sahani, tairi lingeondoka na ngoma yake. Hendibreki ya upande huo ungevuta nini?"

Mke akamwangalia mume. Mume akaangalia sakafu.

Fundi hakuishia hapo. Akaingia chini mbele, akatoka na habari nyingine. Mpira wa breki, ule unaopeleka oili kwenye gurudumu, ulikuwa umevutika kwa sababu ekseli imeshuka mbali na bodi, na ulikuwa unasuguana na chuma. Safu ya nje imeshaliwa. Ule usukani mzembe ulitokana na springi ndefu kuizungusha ekseli ya mbele kidogo, na hilo linasahihishwa kwa bushi maalumu za kwenye mikono ya ekseli. Ekseli pia ilikuwa imesogea pembeni, kwa sababu kile chuma kinachoishikilia upande hadi upande kimebaki na urefu wa zamani. Beringi za kingipini nazo zilikuwa zimelegea, na hapo ndipo mtetemeko ulipokuwa unapata nafasi.

"Mwanangu," fundi akasema akijifuta mikono, "kwa ile milioni na laki mbili ya springi na shokapu, ungeniletea laki tatu kwanza tukamaliza haya ya chini, ndipo ukanyanyua."

"Springi gani za milioni na laki mbili?" mke akauliza.

Kimya. Fundi akajua kaharibu. Akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Mke hakupiga kelele. Watu waliokuwa pale gereji wanasema wangependelea angepiga. Alisimama tu, akatikisa vumbi kwenye kanga yake, akasema, "Kumbe gari lilipopanda, mimi nilishuka." Akatembea kwa miguu hadi stendi.

Siku tatu nyumbani yalizungumzwa mambo ya watoto tu. Chai iko wapi, daftari la shule liko wapi. Jamaa alijaribu kusema kwamba springi zilikuwa uwekezaji. Neno hilo halikupata pa kukaa. Nje, ile nyumba ya lenta ilikuwa inanyeshewa, tofali za juu zimeanza kuota ukungu wa kijani.

Siku ya nne mke alikwenda gereji peke yake, na daftari lake la hesabu za karoti. Akamwambia fundi amtajie kila kitu kwa mpangilio, kinachoua kwanza, kinachosumbua baadaye, cha urembo mwisho. Fundi akataja, yeye akaandika.

Kwanza mipira mirefu ya breki, mbele na nyuma. Pili bushi, kingipini na chuma cha pembeni kinachorekebishika urefu. Tatu hafushafti. Nne matairi.

Kwenye hafushafti kulikuwa na njia mbili. Kurudisha ya kawaida, au kufunga iliyotengenezwa kwa chuma kilichochanganywa kromiamu na molibdenamu, kikapikwa motoni kupata ugumu bila kuwa chepesi kuvunjika kama glasi. Ipo pia njia ya kuongeza unene. Uimara wa mhimili dhidi ya msokoto unakua haraka kuliko unene wenyewe, kiasi kwamba ukitoka milimita 25 kwenda 28 unapata karibu asilimia 40 zaidi. Ila ukibadilisha unene na meno, gia za ndani ya difu lazima zilingane nazo, na gharama inakimbia.

Fundi akampa na tahadhari ambayo wauzaji huwa hawaitaji. "Mama, ukiimarisha kimoja, mzigo haupotei. Unahamia kwa jirani. Hafushafti ikigoma kukatika, mguu wa huyu bwana ukibaki ule ule, itakayofuata ni difu. Na difu ni ghali zaidi."

Mke akachagua zile za chuma kigumu, unene ule ule, jozi ya nyuma. Laki tisa na nusu pamoja na usafiri, akalipa kwa hela yake ya kikoba. Hakulipa kwa sababu amesamehe. Alilipa kwa sababu msimu wa karoti ulikuwa unaendelea, na kila wiki ya kukodi gari la mtu ilikuwa inakula faida yote.

Alirudi nyumbani na masharti matatu. Akiba ihamie kwenye simu yake. Yale matairi yaondoke. Na kilima chochote cha tope, fowili iingizwe chini, kabla ya kupanda, si baada ya kukwama.

Matairi yakabadilishwa na dereva mmoja wa watalii, ambaye alitoa 215/75 zenye hali nzuri na kuongeza laki nne juu. Kimo chake ni kama sentimita 70, katikati ya zamani na yale makubwa. Laki nne zikaingia kwenye simu ya mke siku hiyo hiyo.

Hafushafti zilichukua wiki saba kufika. Fundi alizilaza sambamba na za zamani, akapima urefu, akahesabu meno moja moja kabla ya kugusa gari. Beringi zikashindiliwa kwa mashine, si kwa nyundo, kwa sababu beringi iliyogongwa inaanza kufa siku inayofungwa. Sili mpya. Difu ikafunguliwa ikasafishwa, maana vipande vya chuma vilivyokatika vikibaki humo vinasaga gia kama mchanga kwenye ugali. Ile hafushafti ya kushoto, ambayo haikukatika, fundi aliikataa isiwekwe kama spea. Meno yake yalikuwa yameanza kupinda.

Jamaa alishinda pale siku mbili, anashika taa, anapitisha spana. Hakupiga picha. Kazi yote ile, ukisimama nje huioni. Gari limeshuka kidogo kuliko lilivyokuwa, basi.

Juni walipita tena kile kilima. Mvua ilikuwa imeisha ila kivuli cha miti kilikuwa kimehifadhi tope. Chini kabisa jamaa akasimama, akaingiza fowili na gia nzito, akaanza kupanda polepole kama mtu anayebeba mayai. Kwenye ule mfereji tairi likateleza. Akaachia mafuta. Gari likatulia, likashika, likaendelea. Mke alikuwa anaangalia dirishani upande wa pili na hakusema kitu, lakini mikono yake ilikuwa mapajani, si kwenye dashibodi.

Nyumba bado haijaezekwa. Chumba kimoja kimewekwa turubai, vingine vinasubiri vuli ipite. Kigoda kimerudi jikoni. Na kile kipande cha hafushafti kilichojisokota, fundi alitaka kukitupa kwenye chuma chakavu, mke akakiomba. Kiko mezani kwake, anakandamizia nacho daftari la hesabu upepo usilifunue.

Mume akipita hapo anakiona kila siku. Hajawahi kuuliza kwa nini kiko pale.

Je, wewe mdau ungekuwa ndiye huyo mke, ungetoa hela yako ya kikoba? Na wenye Suzuki, mlianza na nini, chini au juu? Tupia maoni yako.